Msikiliza Magurudumu

Mwalimu wa kwaya alinifukuza kwayani siku ileile niliyoingia, na mpaka leo sijapata rafiki mwingine kama yeye. Tulikuwa katikati ya wimbo. Akainua kidole, waimbaji wote wakanyamaza, akaniambia mbele yao kwamba sikio langu ni la ubao. Sauti ninayo, alisema, tena ya kutosha kumwita mtu aliye ng'ambo ya ziwa, ila haijui inakokwenda. Nilikaa chini na hasira zangu. Mazoezi yalipokwisha akanifuata nje, akaitazama baiskeli yangu pale ukutani, akagonga spoku mbili, zile nyaya za gurudumu la nyuma, kwa ukucha, akauliza:

"Mama, ni adui gani alikuuzia hii janti ya nyuma?"

Nikamwambia nimeinunua mwenyewe, dukani, ikiwa mpya kabisa.

"Mpya ndiyo. Lakini imezaliwa mgonjwa."

Hakukosea. Mvua za kwanza hazijaisha, gurudumu lile lilikunjika chini ya mzigo wa samaki kwenye mteremko wa kuingia Kabingo ninakouza, nikarudi nyumbani nimeibeba baiskeli badala ya baiskeli kunibeba mimi. Tangu hapo sikununua gurudumu bila yeye. Upande wetu wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, hakuna mtu mwenye akili zake aliyefanya hivyo.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala na nani. Sikumuuliza, naye hakuniuliza. Maswali hayo huku kwetu huulizwa na watu wa ofisini, na tumeyajibu mara nyingi mno hata hayana ladha tena. Nilijua ni Mrundi, ni Mkatoliki, ni mjane, na anaishi peke yake nyuma ya bomba la maji. Yeye alijua mimi ni Mama Furaha, Mkongo wa Kivu ya Kusini, muuza samaki wa kukausha. Tukaona inatosha.

Kwaya yetu wakati ule haikuwa na kinanda, wala kile chuma chenye pembe mbili ambacho walimu wa muziki hukigonga ili kupata sauti ya kuanzia. Mwalimu alikuwa nacho huko kwao, kikapotea njiani wakati wa kukimbia. Nadhani ndicho kitu pekee nilichowahi kumsikia akikitaja kwamba alikipoteza. Badala yake alitumia gurudumu la mbele la baiskeli yake. Kila Jumapili aliiegemeza baiskeli ndani ya mlango wa kanisa, na kabla ya kila wimbo alinyoosha mkono, akagonga spoku moja aliyoifunga uzi mwekundu, akafumba macho, akasikiliza, halafu akawagawia waimbaji sauti zao mmoja mmoja kama anayegawa chakula. Padri alishazoea. Mgeni aliyeingia Misa yetu kwa mara ya kwanza alidhani mzee anatafuta tundu la upepo.

Mwaka mmoja, mkesha wa Pasaka, fundi baiskeli mwenye roho nzuri aliona gurudumu la Mwalimu linayumba kidogo, akalikaza spoku zote bila kuulizwa, kwa mapenzi tu. Asubuhi yake Aleluya ilianzia juu ya mabati. Wanawake wa sauti ya kwanza walipiga kelele za watu wanaoibiwa, besi wakajikuta wanaimba mahali pa sauti ya tenori, na dada mmoja alishindwa kuongea vizuri hadi katikati ya wiki. Mwalimu alisikia tangu mwanzo kwamba mambo yameharibika, lakini hakusimamisha. Baadaye nikamuuliza kwa nini, yeye anayemsimamisha kila mtu.

"Rayo imesema," akajibu. Spoku yeye aliziita rayo. "Mimi ni nani nibishane na rayo?"

Kutoka hapo ikazuka desturi ambayo sijaiona popote pengine. Mtu akinunua gurudumu haruhusiwi kulifunga kwenye baiskeli kabla ya Jumamosi. Jumamosi mazoezi ya kwaya yakiisha, watu walikuja kwenye uwanja wa kanisa na magurudumu yao begani: Warundi, Wakongo, Wanyarwanda, hata Wasomali na walokole ambao hawangekanyaga ndani ya kanisa letu kwa sababu nyingine yoyote. Mwalimu alikaa kwenye kigoda, akashika gurudumu kwa ekseli, akalizungusha taratibu huku akigonga spoku baada ya spoku. Upande mmoja wa gurudumu, alisema, spoku zote zinapaswa kuongea sauti moja. Inayoongea juu imekazwa mno, itakatika. Inayoongea chini imelegea, itawaachia wenzake mzigo. Waimbaji walibaki pale kumsaidia, wakiguna ile sauti inayotakiwa, naye akakaza na kulegeza mpaka chuma kikakubaliana na watu. Ndipo anasema, "Voila. Peleka." Nilipenda kukaa pembeni na kusikiliza, ingawa kwangu mimi spoku zote zilisema tii, tii, tii, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Namna yake ya kununua ilikuwa na adabu zake. Tulipofika mjini Mbarara hakuingia duka la kwanza. Alipita nje ya maduka yote ya baiskeli, mikono nyuma, akitazama yaliyoning'inizwa darini, kisha akarudi kwenye lile lililomvutia. Kitu cha kwanza kukataa ni mng'aro. Rimu inayong'aa sana, alisema, imetumia nguvu zake zote kujipamba. Alitafuta kovu, pale chuma kilipounganishwa, akalipapasa kwa kidole gumba: kovu likiwa nene na laini alitikisa kichwa kwa kukubali, likiwa na ukingo wa kukata alirudisha gurudumu darini. Halafu kitovu, pale katikati spoku zote zinapokutana. Alitaka kinachofunguka kwa spana ya kawaida, ili mtu wa Nakivale aweze kutia grisi mwenyewe akiwa amekaa mlangoni kwake. Na ukubwa uwe ule wa baiskeli za watu wote. Zilikuwepo baiskeli za mtumba kutoka Ulaya, nyepesi, zenye magurudumu membamba na spoku chache, na vijana walizitamani sana.

"Hii ni ya kukimbiza," aliwaambia. "Wewe unakimbiza nani? Tairi ikipasuka Kabingo utapata wapi ingine? Nunua janti ambayo hata jirani yako anayo."

Mwisho wa yote, baada ya macho na vidole, ndipo alipokuwa akigonga. Macho na vidole, alisema, vinaweza kudanganywa na rangi na mafuta. Sikio halidanganywi. Nimekumbuka neno hilo mara nyingi.

Huyohuyo mwenye kuchukia mng'aro, baiskeli yake mwenyewe ilikuwa kichekesho. Aliivika maua ya plastiki kwenye usukani, vioo viwili, vibandiko vya kuakisi taa kila mahali, na sanamu ndogo ya Bikira Maria juu ya bati la kukinga matope la gurudumu la mbele. Ukimtania alikasirika kweli. Alisema hadharani kwamba hanywi pombe, na wote tulijua mahali anapokunywa urwagwa, pombe ya ndizi, Jumamosi jioni, tena sisi ndio tuliompelekea, kwa kuwa hakukubali malipo mengine. Alimfukuza kwayani mtu yeyote aliyechelewa, na yeye ndiye aliyekuwa akichelewa zaidi ya wote, maana hakuweza kupita baiskeli iliyoegeshwa bila kuinama na kuigonga.

Kulikuwa na jambo moja ambalo sikuwahi kulielewa. Kila tulipomzika mtu, au familia ilipopanda magari ya kurudi Burundi, au nyingine ilipopata safari ya ndege kwenda nchi za baridi, Mwalimu alisimama kusema maneno yaleyale: sisi hapa ni wapita njia, tusishike vitu sana. Jumatatu yake yuleyule anamkemea mtu dukani kwa kununua gurudumu la mwaka mmoja.

"Mwalimu," nikamwambia siku moja tukingoja gari, "weye unasemaka tuko bapita njia. Sasa juu ya nini unataka tununue janti ya kumaliza miaka mingi hivi?"

Alinitazama kama nimemtukana mamake.

"Wewe uliza mambo ya janti, Mama Furaha. Mambo ya Mungu uliza padri."

Kisha akanipa mgongo mpaka Kabingo. Na huku kambini, kila majirani walipoanza mazungumzo ya kurudi nchini kwao, nani amerudi na amekuta nini shambani kwake, alinyanyuka taratibu, akachukua ufunguo wake wa spoku, akaenda kukaza kitu ambacho hakikulegea.

Nieleze wazi jambo moja ili linalofuata lieleweke. Sikio lile ndilo lilikuwa mali yake yote. Hakuwa na shamba la kutosha, hakuwa na mke, na kama alikuwa na watoto hawakuwa Uganda. Alikuwa na kwaya Jumapili na magurudumu Jumamosi, na vyote viwili vilipitia tundu moja. Watu walimwamkia kwa mikono miwili kwa sababu ya sikio. Walimpikia kwa sababu ya sikio.

Basi magurudumu yakaanza kufa.

Ilianza na kijana muuza mkaa aliyeleta gurudumu jipya Jumamosi, zito, lenye kovu zuri. Mwalimu akaligonga kote, akalirudisha. "Limekufa," akasema. Kijana akauliza limekufaje wakati hata halijatembea. "Halina sauti ndani. Rudisha dukani." Wiki iliyofuata akaua la Msomali mmoja, kisha ya wanawake wawili wa kikundi cha maji. Tukashangaa, lakini tukaamini. Nani angebisha? Tuliambiana kwamba viwanda siku hizi vinachanganya chuma na takataka. Mzee mmoja alithibitisha kuwa amesikia hivyo redioni. Msimu mzima wa kiangazi watu hawakununua magurudumu. Waliyafunga yaliyovunjika kwa waya na vipande vya mpira, wakangoja duniani kupatikane tena chuma kizuri. Ungewaona wanawake njia ya kisimani, baiskeli zimelazwa nyumbani, madumu yamerudi kichwani. Mimi nilipakia samaki kichwani vilevile, maana gurudumu langu la nyuma lilikuwa limefika mwisho, na Kabingo kwa miguu na mzigo ni safari ya kukutoa roho.

Kwayani nako, kama nilivyokuja kuambiwa baadaye, mambo yalibadilika, ila huko walijua kuficha. Mwalimu aligonga spoku ya uzi mwekundu kwa nguvu zaidi na zaidi, akiinamisha kichwa karibu kuigusa. Sauti aliyoitoa baadaye haikuwa ile ya spoku. Dada kiongozi wa sauti ya kwanza, mwanamke mpole, aliguna ile sahihi chinichini, wenzake wakamfuata yeye, na Mwalimu akaendelea kupunga mikono akidhani wanamfuata. Hawakumwambia mtu. Hata mimi sikuona, lakini mimi ndiye sikio la ubao, ningeonaje?

Nikachoka kubeba samaki kichwani. Nikamwomba twende Mbarara mara moja tu, tukague duka zima, pengine litapatikana gurudumu moja lililo hai. Akakubali upesi, akavaa koti lake la Misa.

Duka tulilolizoea lilikuwa la mama mmoja Mnyankore, mnene, mcheshi, aliyemwita Mwalimu mzee wa muziki na kumwekea kiti kila alipofika. Siku hiyo alikuwa na shehena mpya. Mwalimu alipapasa kovu, akafungua kitovu, akaridhika. Akagonga.

"Imekufa," akasema. "Lete ingine."

Akaletewa nyingine.

"Hii pia."

Mama akashusha magurudumu kutoka darini moja baada ya jingine, jasho linamtoka, na Mwalimu akayaua yote. Wateja wawili waliokuwa wamekuja kununua wakaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Ssebo, wewe nasema mali yangu imekufa, watu nasikia," mama akalalamika, akimwita bwana kwa Kinyankore. "Mimi nakosea wewe nini?"

Mwalimu hakugeuka. Alikuwa ameinama, sikio limekaribia rimu, ukucha unagonga. Mama akaomba radhi kwa wateja, akageuka kupanga rafu, na mkono wake ukagusa debe lililojaa vitovu vya chuma. Likaanguka sakafuni kwa kishindo nyuma ya Mwalimu. Mimi niliruka. Wale wateja waliruka. Mtaani watu walisimama kutazama. Mwalimu aliendelea kugonga spoku yake, taratibu, akingoja imjibu.

Mama yule akanitazama, nikamtazama.

"Nyabo," akaniambia, yaani mama, kwa sauti ya chini ambayo haikuwa na haja ya kuwa chini, "si mali yangu. Ni masikio ya mzee."

Ningetaka kuwa mahali pengine popote. Mama alizunguka mbele yake, akamgusa bega, akaonyesha debe na vitovu vilivyotapakaa, kisha akaonyesha sikio lake mwenyewe na kutikisa kichwa. Mwalimu akatazama sakafuni. Alikaa akivitazama vile vitovu muda mrefu. Alipoinua uso alinitazama mimi, si yeye.

"Mama Furaha. Wewe unasikia hizi janti?"

"Niko nasikia, Mwalimu."

Akaweka kiganja nyuma ya sikio. Ikabidi nipige kelele, dukani mwa watu, mchana kweupe: "Niko nasikia! Ziko nalia!"

"Zote?"

"Zote."

Aliliegemeza gurudumu ukutani kwa uangalifu, akavuta koti lake likae vizuri. Mama wa duka akaanza kulia kabla yangu, akasema Ruharo si mbali, kule kwenye hospitali ya misheni wako madaktari, pengine ni uchafu tu umejaa. Tukalishika hilo neno la uchafu, tukatoka nalo. Njia nzima ya kupanda Ruharo nilimwombea uchafu. Sijawahi kuomba jambo dogo kwa bidii kubwa hivyo.

Daktari alikuwa kijana mstaarabu. Alimulika masikio yote mawili, akasema ni safi. Kisha akafungua droo, akatoa chuma chenye pembe mbili.

Sikujua ni nini mpaka nilipouona uso wa Mwalimu. Ulifunguka wote. Alicheka, akanyoosha mikono miwili kama anayepokea mtoto, na daktari, sijui kwa mshangao au kwa huruma, akampa. Mwalimu akakigeuza, akakisoma maandishi yake madogo, akakipapasa pembe. Akanionyesha: "Ndiyo hiki! Mama Furaha, hiki ndicho nilikuwa nacho!" Halafu akakigonga kwenye goti lake, kwa wepesi wa mtu ambaye mkono wake haujasahau kitu, akakiweka sikioni, akafumba macho.

Mimi nilikisikia kutoka nilipoketi. Hata mimi.

Akangoja. Akakihamishia sikio la pili. Akakigonga tena, kwa nguvu, akangoja tena. Daktari alitazama meza yake. Nilitamani kumpokonya kile chuma nikitupe dirishani, na nilitamani pia kisiache kulia, pengine kitampata. Hatimaye Mwalimu alikirudisha kwa mikono miwili, akashukuru.

Daktari aliandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa ili Mwalimu asome, na mimi akaniambia kwa mdomo. Ni mishipa ya ndani. Haipasuliwi wala haina dawa. Kipo chombo cha kuvaa sikioni, kikipatikana kitamsaidia kusikia watu wanaozungumza karibu, kidogo. Nikauliza habari ya muziki. Akasema muziki hautarudi ulivyokuwa.

Nilidhani tutaelekea stendi. Mwalimu akageuza njia.

"Tulikuja kwa ajili ya janti," akasema. "Haturudi bila janti."

Mama wa duka alikuwa ameshayapanga magurudumu upya. Mwalimu akachagua moja kwa macho na vidole, jeusi lisilong'aa, spoku nene na nyingi, kovu laini, kitovu cha kufunguka. Bei yake nayo ilikuwa ya watu wa kwetu. Akaliinua kwa ekseli mbele yangu.

"Gonga wewe."

Nikagonga.

"Zunguka. Zote. Zinaongea sauti moja?"

Nilizunguka gurudumu lote. Nilijaribu, Mungu anajua. Nilifumba macho kama yeye. Tii, tii, tii. Nikarudia upande wa pili. Nikamtazama mama wa duka, akainua mabega. Mtu pekee ambaye angeweza kutuambia alikuwa amesimama katikati yetu akinitazama mdomoni.

"Siyuwi, Mwalimu," nikasema. Nikatikisa kichwa ili aelewe. "Siyuwi."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Zamani angenitukana mpaka mtaa wa pili wasikie.

"Bon," akasema. "Mwili wake nimeuona. Sauti yake hatuijui. Lipa, twende."

Huku nyumbani hakuna aliyemfanyia ubaya, na nimetafuta sana mtu wa kumlaumu. Padri alikuja kumtembelea. Kwaya ilipewa kijana mwenye kinanda cha betri, anayejua kazi yake na anayemheshimu. Mwalimu amewekewa kiti mbele kabisa, karibu na waimbaji, na hukaa pale Jumapili nzima akitazama midomo. Watu wakaanza tena kununua magurudumu, madumu yakarudi kwenye baiskeli. Kwa muda waliendelea kumletea Jumamosi kwa heshima. Alipapasa, akagonga, akasema voila, peleka, nao wakayachukua hadi kwa fundi wa sokoni ayakaze upya mahali ambapo mzee hataona. Jumamosi moja alimfuata mmoja wao kwa nyuma, akaona. Kigoda hakikutoka tena nje. Chombo cha sikioni tunaambiwa tungoje, na kungoja Nakivale tumekuzoea. Wanakwaya walijaribu kumfundisha kijana wa kinanda kuanza wimbo kwa spoku, ili kumfurahisha mzee, lakini walipofika mlangoni Jumapili hiyo walikuta mzee ameshaufungua uzi mwekundu.

Gurudumu langu bado linatembea. Limeshapanda na kushuka njia ya Kabingo mvua na jua, na mzigo juu, na mpaka sasa halijakunjika. Sijui ni kwa sababu alichagua vizuri au ni bahati. Kila linapopita kwenye mawe nasikia chuma kinasema kitu chini yangu, nami sina la kufanya nacho.

Juzi asubuhi nilikuwa napita na samaki wangu, nikamkuta ameketi mbele ya nyumba yake, ile baiskeli ya maua ya plastiki imeegemezwa ukutani. Foleni ya maji ilikuwa ndefu pale bombani. Akanipungia nisimame. Akanyanyuka, akainua baiskeli yangu kidogo kwa nyuma, akalizungusha gurudumu na kuweka kiganja juu ya tairi, akalihisi likipita.

"Bado linaimba?"

"Linaimba, Mwalimu!" nikapaza sauti. Foleni nzima ikageuka.

"Sauti gani?"

Nilibabaika. Nikasema neno la kwanza lililonijia. "Besi!"

Alisoma mdomo wangu, akacheka mpaka akashika mgongo. Sikuwa nimemwona akicheka tangu ile siku ya Ruharo.

"Janti ya chuma haiwezi kuimba besi! Sikio la ubao, wewe. Haya, nionyeshe. Imba vile linaimba."

"Hapa? Batu bote bananitazama!"

"Imba."

Nikagonga spoku kwa ukucha, nikajaribu kushika ile sauti. Ikanitoroka. Nikaifuata juu, ikawa chini. Nikaunganisha na wimbo ule wa siku aliyonifukuza, kwa kuwa ndio pekee nilioukumbuka. Watoto bombani walianza kucheka, mama zao wakawaziba midomo, kisha na wao wakainamisha vichwa. Mwalimu alinitazama mdomoni, mkono wake ukipiga mwendo juu ya goti. Mimi nilitazama kidole chake. Nilijua nimeshapotea, kila mtu pale alijua, na niliendelea ubeti wa kwanza na wa pili, nikiimba vibaya zaidi kwa makusudi sasa, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya ziwa, machozi yananitiririka, nikingoja kile kidole kiinuke kininyamazishe.

Hakikuinuka. Nilifika mwisho wa wimbo.

"Vizuri," akasema, akanipigapiga begani. "Umeona? Jumapili urudi kwayani."